Kikaragosi: Tusi kwetu, heshima kule Java

KATIKA siasa zetu hapa Kenya kuna tusi ambalo halikosi msimu. Mwanasiasa akitaka kumvua nguo mwenzake hadharani, humwita kibaraka. Na akiwa amesoma kidogo, au ana mwandishi mzuri wa hotuba, humwita kikaragosi. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua maana yake: mtu asiye na sauti yake mwenyewe, anayechezeshwa na mkono uliojificha nyuma ya pazia. Tangu mwaka 2009, kipindi cha runinga cha XYZ Show, kilichoanzishwa na mchoraji vibonzo Gado, kilituzoesha zaidi taswira hiyo kwa kuwageuza waheshimiwa wetu kuwa sanamu za mpira zenye pua kubwa na midomo mipana. Tukacheka, na neno likazidi kukita mizizi.

Mimi pia nimelitumia neno hilo kwa dharau, tena si mara moja. Leo nataka kulitetea.

Tuanze na asili yake. Huko Uturuki kuna mchezo wa vivuli unaoitwa Karagöz. Kara ni nyeusi, göz ni jicho. Kwa hiyo Karagöz ni Bwana Jicho Jeusi, mtu wa mtaani asiyejua kusoma lakini mwenye ulimi mkali, ambaye kila usiku hugombana na rafiki yake msomi, Hacivat. Katika enzi ya Waosmani, usiku wa mwezi wa Ramadhani haukukamilika bila wawili hao. Walichongwa kwa ngozi iliyolainishwa hadi ikapitisha mwanga, wakapakwa rangi, wakachezeshwa nyuma ya shuka jeupe lenye taa. Jina hilo lilienea pamoja na himaya. Kule Misri limebaki kama aragoz, jina la mwanasesere wa kuvaliwa mkononi. Kwetu likatua kama karagosi, nasi tukalivika kiambishi ki- cha kudunisha, kile kile tunachotumia tunaposema kijitu. Basi tazama msomaji: jina la mhusika aliyepewa ulimi ili awaseme wakubwa likawa kwetu jina la mtu asiye na ulimi kabisa.

Sasa twende mbali kidogo, hadi kisiwa cha Java nchini Indonesia. Huko mtu anayechezesha vikaragosi anaitwa dalang, na mbele ya jina lake huwekwa neno la heshima. Neno lenyewe, amini usiamini, ni Ki. Ki Nartosabdho, Ki Manteb Soedharsono, Ki Anom Suroto: hayo ni majina ambayo Mjava wa makamo huyataja kama sisi tunavyomtaja Siti binti Saad au Fundi Konde. Silabi ni ile ile. Huku hushusha, kule hupandisha. Ni sadfa tu, isimu haina la kusema hapo, lakini ilinichekesha nilipoigundua na bado hunichekesha.

Niliigundua Yogyakarta, nilikokwenda kwa kongamano la lugha. Jioni ya pili wenyeji walitupeleka katika makumbusho ya Sonobudoyo, karibu na kasri la sultani, ambako watalii huonyeshwa kipande kifupi cha wayang kulit. Kulit ni ngozi; wayang ni neno lenye undugu na bayang, yaani kivuli. Kwa saa mbili tulikaa tukipiga picha. Sitasema uongo, nilisinzia. Dereva aliyekuwa akitusubiri nje, kijana mmoja mcheshi, aliona usingizi machoni pangu akaniambia, "Pak, hiyo ni ya wageni. Kesho kutwa kijijini kwetu kuna ya kweli." Pak ni kama sisi tunavyosema mzee au baba. Nikakubali, nusu kwa adabu na nusu kwa udadisi.

Ya kweli ilianza kama saa tatu usiku na haikwisha hadi alfajiri.

Hebu nikueleze nilichokiona, maana hapa ndipo penye uhondo. Uani kwa mwenye shughuli lilitandikwa shuka jeupe refu, linaitwa kelir. Chini yake, kwa urefu wote wa shuka, yamelazwa magogo ya mgomba. Naam, mgomba huu huu wetu. Kila kikaragosi kina kijiti cha pembe ya nyati wa kufugwa chenye ncha kali, na dalang akitaka mhusika asimame tuli, humchomeka tu katika gogo hilo laini. Pande zote mbili za shuka zimepangwa safu za vikaragosi, vidogo hadi vikubwa, wafalme na majitu. Seti kamili huweza kupita mia moja na hamsini. Vimetengenezwa kwa ngozi ya nyati iliyokaushwa, ikakwanguliwa, kisha ikatobolewa kwa patasi ndogo tundu kwa tundu hadi vazi la mfalme linafanana na lesi, halafu vikapakwa rangi na dhahabu. Nikajiuliza kwa nini kupaka rangi kitu ambacho watu watakiona kama kivuli cheusi. Jibu ni kwamba hadhira hukaa pande zote mbili. Wengine huona vivuli, wengine humwona fundi mwenyewe kazini, pamoja na rangi zote. Wajava hawaoni ubaya wowote kuuona mkono unaochezesha. Huo ndio utamu wenyewe.

Na mkono huo, loo! Dalang huketi mkunjo mbele ya shuka, taa juu ya kichwa chake, na kwa desturi haondoki hapo mpaka mwisho. Anawachezesha wahusika wote. Anawasemea wote, kila mmoja na sauti yake: binti wa mfalme kwa sauti nyembamba, jitu kwa mngurumo. Anaimba. Mkononi au kwenye vidole vya mguu ana kinyundo cha mbao, cempala, anachogongea kasha la vikaragosi, na kando ya kasha zinaning'inia bamba za chuma anazozipiga kwa wayo. Kwa milio hiyo anaiongoza bendi nzima iliyo nyuma yake bila kugeuza shingo. Sisi katika fasihi simulizi humfundisha mwanafunzi akariri sifa za fanani: awe na ufaraguzi, awe jasiri, aielewe hadhira, awe na kumbukumbu. Mwanafunzi huziandika moja hadi sita na kupata alama zake. Nilipokuwa pale kijijini nilitamani darasa langu lote lingekuwepo.

Kisa huwa mara nyingi kimetoka katika tenzi mbili za Kihindi, Mahabharata na Ramayana, lakini zimekaa Java muda mrefu kiasi kwamba Wajava huzisimulia kama mambo ya mababu zao. Usiku umegawanywa sehemu tatu kulingana na mkao wa muziki. Karibu na usiku wa manane, watoto wanapoanza kulala mikekani, huingia watumishi wanne wa kuchekesha: Semar na wanawe Gareng, Petruk na Bagong. Hapo hadhira huamka. Semar ni mnene, ana kitambi na sura isiyoeleweka kama ni ya mzee au ya mtoto. Ni mtumishi, lakini pia ni mungu aliyeshuka kuwalinda wema. Wafalme husema lugha ya juu iliyojaa Kijava cha kale. Yeye na wanawe husema lugha ya sokoni, huizungumzia bei ya mchele, barabara mbovu, hata diwani aliyekaa mstari wa mbele. Nilimwona kiongozi mmoja akicheka huku akijifuta jasho.

Sanaa hii ni ya kale kweli kweli. Maandishi ya mwaka 907, enzi ya mfalme Balitung, tayari yanataja mchezo wa wayang kwa jina. Katika karne ya 11 mshairi Mpu Kanwa, aliyeishi katika zama za mfalme Airlangga, aliandika utenzi uitwao Arjunawiwaha, na ndani yake akagusia watu wanaolia wakitazama wayang ilhali wanajua fika kwamba ni ngozi iliyochongwa tu. Zingatia mwaka huo. Swali ambalo wahakiki wetu huliona la kisasa, kwamba kwa nini binadamu humlilia mtu wa kubuni, lilikuwa limeshaulizwa Java karibu miaka elfu moja iliyopita, tena kwa mfano wa kikaragosi.

Kisha Uislamu ukaingia. Mtu angetarajia sanamu zife. Simulizi za Wajava husema kinyume: kwamba Sunan Kalijaga, mmoja wa mawalii tisa wanaoheshimiwa kwa kueneza dini kisiwani, mwenyewe alichezesha wayang, na kiingilio chake kilikuwa kutamka shahada. Husemwa pia kwamba vikaragosi vilirefushwa mikono na kupindwa nyuso hadi visifanane na mwanadamu, ili kukwepa katazo la kuchora viumbe. Hizi ni simulizi, wala sizichukui kama hati za mahakama. Lakini zinatuonyesha jinsi jamii ilivyotatua jambo hilo moyoni mwake, na mara nyingi hilo ndilo lenye nguvu kuliko hati.

Upande wa muziki kuna jambo ambalo lingemgusa yeyote aliyewahi kuhudhuria Maulidi ya Lamu. Bendi ya wayang inaitwa gamelan: patu kubwa na ndogo, marimba za madini, ngoma, filimbi na zeze la nyuzi mbili. Ala zake kuu hufuliwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati, karibu sehemu kumi kwa tatu, na mafundi wa kijiji cha Wirun karibu na Solo bado huupiga nyundo mchanganyiko huo ukiwa mwekundu kwa moto. Hakuna seti mbili zenye sauti zinazolingana kabisa. Huwezi kuazima upatu wa jirani. Mtu hapiti juu ya ala kwa kuiruka, na viatu huvuliwa. Seti za kifalme zina majina na hupewa cheo cha Kyai, cheo kile kile wanachopewa masheikh.

Kila mwaka katika Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, seti mbili kama hizo hutolewa katika kasri la Yogyakarta na kubebwa usiku hadi ua wa Msikiti Mkuu. Moja ni Kyai Guntur Madu, nyingine Kyai Nagawilaga. Huwekwa katika vibanda viwili, kila kimoja upande wake wa ua, na kwa muda wa wiki moja hupigwa kwa zamu, taratibu, kwa sauti nzito, isipokuwa usiku wa kuamkia Ijumaa hadi sala ya Ijumaa imalizike. Sherehe hiyo inaitwa Sekaten, na wenyeji hulinasibisha jina lake na neno la Kiarabu la shahada mbili. Solo nako hufanya yao. Gamelan msikitini! Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja wa Mombasa, alinyanyua nyusi.

Lakini asishangae sana. Mwishoni mwa karne ya 19, Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, aliposhika kueneza Maulidi ya Habshi kule Lamu pamoja na kupigwa matari, baadhi ya wakubwa wa mji hawakufurahi hata kidogo. Kwao Maulidi ilikuwa ya kusomwa kwa utulivu. Leo Maulidi hayo ya Riyadha ndiyo yanayovuta wageni kutoka pwani nzima. Na aliyeyatunga, Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun huko Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915, alikuwa na mwana aliyehamia Java. Mwana huyo alijenga msikiti mjini Solo. Jina la msikiti? Riyadh. Utungo huo huo husomwa Solo na husomwa Lamu, kwa matari huku na kwa matari kule, miji miwili ambayo Wahadhrami waliifikia kwa bahari moja. Ndiyo maana pia Mjava akikusalimu husema apa kabar nawe husikii ugeni, na meza yake ni meja, na bendera yake ni bendera. Yale mawili ya mwisho wote tumepewa na Mreno.

Nisije nikakuachia picha ya kisiwa cha amani na patu. Kikaragosi kina historia ya damu. Kati ya mwaka 1965 na 1966 Indonesia ilikumbwa na mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti, na waliokufa wanakadiriwa kufika nusu milioni au zaidi. Miongoni mwa waliouawa au kufungwa bila kushtakiwa walikuwamo madalang na wanamuziki, kwa sababu tu walikuwa wanachama wa jumuiya ya wasanii iliyokuwa karibu na chama hicho, au walidhaniwa hivyo. Dalang akiuawa halipotei jina moja tu. Visa alivyovishika kichwani na namna yake ya kumsemesha Semar huzikwa naye. Na angalia kejeli hii: hati ya Machi 11, 1966, iliyomhamishia Suharto madaraka kutoka kwa Sukarno, ilifupishwa kwa jina la Supersemar, ili isikike kama Semar mwenyewe ameibariki. Baadaye serikali ile ile iliwatumia madalang kuhubiri uzazi wa mpango na sera za maendeleo. Hapo ndipo dalang mwenyewe alikaribia kuwa kikaragosi kwa ile maana yetu ya tusi.

Kambodia iliumia zaidi. Huko kuna sbek thom, yaani ngozi kubwa: mabamba ya ngozi ya ng'ombe, mengine yenye urefu wa karibu mita mbili, yasiyo na viungo vya kuchezesha. Wachezaji huyainua juu na kucheza nayo ngoma mbele ya shuka linalomulikwa kwa moto wa vifuu vya nazi. Ni mchezo wa ibada. Kabla ya kuanza, miungu na walimu waliotangulia huombwa ruhusa. Khmer Rouge waliposhika nchi mwaka 1975 hadi mwanzoni mwa 1979, wasanii wengi walikufa kwa kuuawa, njaa au kazi za suluba. Waliobaki ni wazee wachache waliokumbuka. Kutoka vichwani mwao, mabamba yalichongwa upya. UNESCO iliitambua sbek thom mwaka 2005, miaka miwili baada ya wayang.

Sisi nasi tumo katika orodha hizo. Mila za kaya za Mijikenda ziliingizwa mwaka 2009 na isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014, zote kwenye orodha ya zinazohitaji kuokolewa haraka. Orodha ni jambo jema. Hata hivyo nina wasiwasi nayo, maana mara nyingi sisi huchukulia kwamba cheti kikishatundikwa ukutani kazi imekwisha.

Java wenyewe hawajatulia. Tatizo lao kubwa, nionavyo mimi, ni lugha. Nyimbo za dalang, ziitwazo suluk, zimejaa Kijava cha kale, na vijana wengi wa mjini wanaongea Kiindonesia siku nzima. Ni kama kumsomea Al-Inkishafi mtoto wa Nairobi aliyelelewa kwa Sheng: atakaa kimya kwa heshima, halafu ataomba simu yake. Baadhi ya madalang wamejibu kwa kufupisha mchezo, kuongeza waimbaji wa dangdut na taa za rangi. Wengine wamelaani jambo hilo. Ki Seno Nugroho wa Yogyakarta, aliyefariki mwaka 2020 akiwa bado hajatimiza miaka hamsini, alipanua sehemu ya Bagong na wenzake, akatumia lugha ya mitaani, na wakati wa korona alipozuiwa kukusanya watu alicheza mbele ya kamera tu huku maelfu wakimfuata mtandaoni. Wahafidhina walinung'unika. Mimi niko upande wake, ingawa naelewa kilichowauma: kichekesho kikitanuka, suluk ndiyo inayopunjwa.

Na dunia imeshachukua chake. Mwaka 1977 Marekani iliporusha vyombo vya Voyager angani, santuri ya dhahabu iliyofungwa kwa nje ilibeba kipande cha gamelan ya kasri la Pakualaman, Yogyakarta, kiitwacho Puspawarna. Salamu za lugha 55 zimo pia. Kiindonesia kimo, Kiganda kimo, Kiswahili hakimo. Hilo bado linanichoma, lakini ni makala ya siku nyingine.

Nirudi kijijini. Karibu na saa kumi na moja alfajiri vita vya mwisho vilipiganwa, majitu yakaanguka, kisha dalang akachukua kayon, ule umbo la mlima na mti, akauchomeka katikati ya shuka. Muziki ukanyamaza. Watu waliinuka kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa, wengine moja kwa moja sokoni. Vikaragosi vikarudishwa kashani kimoja kimoja. Nilimkaribia mpiga ngoma, kijana wa miaka ishirini na kitu, dereva akanitafsiria. Nilimuuliza kama anaelewa maneno yote ya zile suluk.

Akacheka. "Yote? Hapana, Pak. Babu yangu ndiye aliyeyaelewa. Mimi najua pa kupiga tu."

Kisha akanipa mkono, akaenda kusaidia kubeba magogo ya mgomba. Yalikuwa yamejaa matundu.